Mifereji ya bafu inavuja, na mwenye nyumba ndiye aliyenikanda

Somo yangu,

Asalaam aleikum. Nimepanga ghorofa ya juu ya nyumba ya mawe ya kale hapa Lamu, mtaa wa Mkomani. Mwenye nyumba anakaa chini. Namwita Bi Mkubwa, na kwa umri na heshima ni mzazi wangu kabisa. Nakuandikia kwa sababu ya mifereji ya bafu. Najua wapo watakaocheka kwamba mtu mzima anaandika barua kwa ajili ya mfereji. Wacheke, wao hawalali na ile kelele.

Bafu letu lina mifereji miwili na shawa. Mfereji wa chini, tunaokingia ndoo, haufungi. Hata ukiukaza mpaka kiganja kiwake moto, tone halikatiki. Wa sinki ndio kichekesho: kichwa chake kinazunguka tu bila kushika, meno ya ndani yamekwisha, kwa hivyo tunaubana kwa kitambaa na kijiti cha mswaki. Lakini shawa ndiyo inayonitisha. Koki yake imo ndani ya ukuta, na usiku nyumba ikitulia ukiweka sikio pale unasikia maji yakichirizika mahali ambapo huoni maji.

Maji yenyewe yanakuja kwa mgao. Yakija tunayapandisha kwa pampu hadi kwenye tangi la juu, nasi tunayatumia mpaka zamu nyingine. Mifereji ikitona usiku kucha, alfajiri unaamka kutawadha unakuta tangi halina kitu. Mita ni moja kwa nyumba nzima na bili tunagawana nusu kwa nusu, kwa hivyo Bi Mkubwa naye analipia maji ambayo hakuna aliyeyatumia.

Fundi wa nyumba ni mpwa wake. Ni kijana wa heshima na simchukii. Nikilalamika, Bi Mkubwa anamwita, naye anakuja na spana yake na mfuko wa washa, anafungua, anabadilisha, anakaza kwa nguvu zake zote, anakunywa chai, anaondoka. Siku chache shwari, kisha tone linarudi. Ule wa sinki aliufunga kwa kipande cha mpira wa tyubu akaniambia, "Huu sasa mpaka Kiyama." Haukufika hata Ijumaa.

Sasa jambo limekuwa zito. Chumba cha chini, sawasawa na bafu letu, kimetoka doa kwenye dari. Boriti mbili zimekuwa nyeusi, na chokaa iliyo kati yake inameguka na kuangukia masanduku ambamo Bi Mkubwa ameweka vitu vya arusi za binti zake. Mpwa wake alitazama akasema, "Ni watoto wa juu. Wanacheza na maji, wananing'inia kwenye mfereji." Bi Mkubwa hakunigombeza, heri angenigombeza. Aliniita, akanikalisha, akanimiminia kahawa, akasema kwa upole, "Mwanangu, watoto ni watoto. Lakini boriti hizi aliziweka babu yangu. Tutaitazama ile dipoziti yako."

Somo, nilishuka zile ngazi miguu inatetemeka. Nilitaka kumwambia aje aone mwenyewe, lakini magoti yake hayamruhusu kupanda juu, na ni miaka hajaingia bafuni kwetu. Nilitaka kumwambia fundi wako hajui kazi, nikaona nitakuwa nimemtukana mwana wa dada yake mbele ya kahawa yake.

Kuna jambo lazima ulijue ili uelewe kwa nini nimenyamaza. Nilipojifungua mtoto wa pili, mamangu alikuwa mgonjwa kwao Faza, hakuweza kuja. Bi Mkubwa ndiye aliyenikanda arubaini nzima. Wakati huo magoti yake yalikuwa bado yanapanda ngazi. Tena kodi yangu ni shilingi 14,000 tangu niingie, wakati majirani wamepandishiwa. Hatuna mkataba wa maandishi, nampa pesa mkononi. Mwanawe wa kiume yuko Muscat, naye ndiye mwenye sauti kuhusu nyumba. Nambari yake ninayo.

Mume wangu anafanya kazi bara, ng'ambo ya Mokowe, anarudi mwisho wa wiki. Yeye anasema tununue mifereji mipya, tulete fundi wa nje, tukate pesa hizo kwenye kodi, basi. Dada yangu anasema nihamie zile nyumba mpya za Wiyoni. Mamangu anasema nivumilie. Mimi nafundisha chekechea, mchana kutwa napatanisha wanaogombea penseli, na hili langu limenishinda.

Nikikata kodi, si nitakuwa sina shukurani? Nikimpigia mwanawe, si nitakuwa nimemruka mama mtu? Na nikinyamaza, ndiyo nitalipia boriti za babu yake?

Mpangaji wa Juu,
Lamu

*

Wa aleikum salaam, mwanangu.

Sijacheka. Mfereji unaotona usiku umewahi kugombanisha watu waliopita mitihani mikubwa kuliko huo.

Nimekusoma hivi. Unakaa nyumba unayoipenda, kwa mtu unayempenda, na bafu halifanyi kazi. Aliyepewa kazi ya kulitengeneza ni damu ya mwenye nyumba. Sasa maji yameshuka kwake na lawama imepanda kwako, nawe unaona kila neno utakalolitoa litamuumiza mtu aliyekutunza ukiwa mzazi. Juu ya hayo, watu watatu wanaokupenda wamekushauri mambo matatu yasiyopatana. Kama nimekosea mahali, nisahihishe.

Niruhusu nianze na arubaini, maana naona hiyo ndiyo iliyokufunga mdomo, mifereji ni kisingizio tu. Bi Mkubwa alikukanda kwa sababu ulikuwa mzazi na mama yako alikuwa mbali. Sidhani alikuwa akikukopesha. Wewe ndiye uliyeligeuza deni, na tangu hapo unalilipa kwa kunyamaza. Lakini je, yeye anajua kwamba unalipa? Anachokijua yeye ni kwamba dari yake inaoza, na kwamba mpangaji wake alikaa kimya, akanywa kahawa, akapanda ngazi. Kwa aliyekaa chini, ukimya huo unaweza kusomeka kuwa ni heshima, na unaweza kusomeka kuwa ni kukubali kosa. Hujui ameusoma vipi, nami sijui.

Kodi isiyopanda ni hesabu nyingine, usiichanganye na arubaini. Huenda kichwani mwa Bi Mkubwa kuna mapatano ambayo hamkuwahi kuyasema: mimi sikupandishii, nawe vitu vidogo vidogo vya nyumba unajifanyia. Wenye nyumba wengi wa kwetu hufikiri hivyo. Wapangaji nao hufikiri kinyume, kwamba kodi ni kodi na nyumba ni ya mwenyewe. Pande zote mbili hukaa miaka bila kuulizana, mpaka kitu kivunjike. Hili ni la kuuliza tu, wala si la kubishania: "Mama, mfereji ukifa kabisa, wa kununua ni wewe au ni mimi?" Jibu laweza kukushangaza, upande wowote.

Sasa mpwa. Umeniandikia kwamba ni fundi asiyejua kazi, ingawa umelisema kwa adabu. Nilimsomea fundi mmoja wa mabomba ninayemwamini sehemu ile ya barua yako, naye hakumcheka kijana. Alisema maji ndiyo ya kutazamwa kwanza. Maji ya Lamu hutoka visimani kwenye vilima vya mchanga vya Shela. Mvua inazama mchangani, maji matamu yanakaa juu ya maji ya chumvi, na yakivutwa mengi chumvi inapanda. Chumvi hiyo inakula chuma. Mifereji ya bei rahisi inayong'aa dukani mara nyingi ni zinki iliyopakwa kromu, na hata ya shaba njano, iliyo mchanganyiko wa shaba na zinki, chumvi huinyonya zinki yake taratibu mpaka inakuwa dhaifu. Halafu ndani ya mfereji, washa ya mpira hukalia duara dogo la chuma. Duara hilo likishaliwa na kufanya vishimo, unaweza kuweka washa mpya kila Jumatatu, maji yatapenya tu. Na anayekaza kwa nguvu zake zote anaukata mpira kwenye ule ukingo, kwa hivyo siku chache shwari, kisha tone. Ndivyo ulivyosimulia wewe mwenyewe.

Maana yake ni kwamba huenda kijana anabadilisha washa vizuri kabisa, ila washa haiwezi kuponya mfereji uliokwisha. Kile kipande cha tyubu sitakitetea. Lakini ona tofauti ya maneno utakayokwenda nayo chini: "Mama, fundi wako hajui" ni neno moja, na "Mama, mifereji hii imekwisha umri, chumvi imeila, mwanao anahangaika nayo bure" ni neno jingine. La pili halimvunji mtu, na laweza kuwa ndilo la kweli. Kulijua ni rahisi. Akija tena, muombe aufungue mfereji wa chini mbele yako, apitishe kidole kwenye lile duara. Likiwa laini, tatizo ni washa au mkono wake. Likiwa na vishimo, mfereji ni wa kutupa.

Muulize na jambo la pili: je, bafu lina koki yake ya kufungia maji peke yake? Katika nyumba nyingi za kale mabomba yaliongezwa baadaye, kila mmoja akiunga alipoweza, na koki ya bafu haikuwekwa. Fundi akitaka kubadilisha mfereji inabidi amwage tangi zima, na katika mji wa maji ya mgao nani atakubali? Basi anafanya kazi mbio mbio, kidole kimoja kimeziba bomba. Koki moja ndogo kwenye bomba linaloingia bafuni ingembadilisha yule kijana akaonekana fundi mwingine.

Niliwaza sana kuhusu lile doa, kwa sababu hapo ndipo penye pesa na penye jina lako. Kwanza nikuulize, tukiwa wawili tu: watoto hawaning'inii kabisa? Sikusudii kuwatia hatiani. Mfereji unaovutwa upande hulegea pale unapoingia ukutani, na maji hupita nyuma ya plasta bila mtu kuona. Inawezekana mpwa aliona jambo la kweli akalikuza. Inawezekana pia hakuona kitu, alitafuta pa kutua tu, maana kazi yake ndiyo iliyokuwa ikitazamwa. Kabla hujajitetea ni vyema ujue unatetea nini.

Na kujua kunawezekana bila kuvunja kitu. Mgao ukishapita na tangi limejaa, chagua usiku mmoja. Futa sakafu ya bafu iwe kavu, kingia ndoo chini ya ule mfereji unaotona, weka alama ya maji kwenye tangi, mlale. Asubuhi pima. Tone moja kila sekunde hufika lita 20 kwa siku au zaidi kidogo, yaani ndoo nzima, kwa hivyo usiku mmoja utakupa kama theluthi ya ndoo au zaidi kidogo. Tangi likiwa limeshuka kuliko kilichomo ndooni, kuna maji yanayokwenda pengine, na kwa ule mchirizi unaousikia ningeshuku bomba la shawa ndani ya ukuta. Kama choo chenu kina tangi la kuvuta, tia buluu ya kufulia kidogo ndani yake na usivute kwa muda. Ikionekana kwenye bakuli, nalo linavuja. Kisha siku ambayo watoto wameogea kwa bibi yao au hawakuoga kabisa (usiniambie siku hizo hazipo), angalia kama dari ya chini imeendelea kuloa. Doa linaloloa wakati hakuna aliyeoga halikuletwa na mchezo wa watoto.

Piga picha za yote hayo kwa simu. Usizipige ukifikiria kesi. Zipige kwa sababu ya magoti ya Bi Mkubwa. Umeandika kwamba hajaingia bafuni kwenu kwa miaka. Basi kila anachokijua kuhusu bafu hilo kimeshuka ngazi kwa mdomo wa mpwa wake. Wewe unadhani amechagua kumwamini kijana na kukuacha wewe, na mimi najiuliza kama amewahi kupewa cha kuchagua. Video fupi ya ule mfereji wa sinki ukizunguka na kijiti chake cha mswaki, aitazame akiwa kitini pake, huenda ikafanya kazi ambayo malalamiko hayakuifanya. Au muombe amtume mtu anayemwamini apande, awe mtu mzima, binti yake kama yupo karibu.

Ukishuka kuzungumza naye, lile neno la dipoziti usiliache likining'inia. Dipoziti kwa kawaida ni ya kufidia kilichoharibiwa na mpangaji au kodi aliyoiacha. Kitu kilichochakaa kwa kutumika, au kilicholiwa na chumvi, ni hesabu nyingine. Unaweza kuliuliza bila kubisha: "Mama, uliposema dipoziti ulikusudia nini? Nimelifikiria sana." Wazee wetu mara nyingine husema neno kwa ajili ya kupunguza uzito wa habari, nawe ukalibeba kama hukumu.

Tuje kwenye ushauri uliopewa nyumbani.

Ushauri wa mume wako una mantiki, na namsikia uchovu. Anarudi siku mbili kupumzika anakuta tangi kavu. Kununua mifereji mwenyewe kunaweza kuwa njia fupi kuliko zote, na bei ya mfereji mmoja ni sehemu ndogo tu ya kodi ya mwezi. Ila kuna kukata kodi baada ya kukubaliana, na kuna kukata kwanza ukaeleza baadaye. La kwanza ni mapatano: mnataja kiasi, anakubali, unamwandikia ujumbe mfupi wa simu ili kumbukumbu ibaki, unahifadhi risiti na mifereji ya zamani. La pili ni hatari kwako hata kama una haki. Kodi ikipungua bila idhini yake, kwenye daftari la mwanawe utasomeka unadaiwa malimbikizo, na Kenya bado tuna sheria inayomruhusu mwenye nyumba kukamatisha vitu vya mpangaji anayedaiwa kodi. Sisemi Bi Mkubwa atakufanyia hivyo. Nasema wewe usiyebisha kabisa utakuwa umejiweka upande wa mdaiwa. Na huna mkataba wa kukusemea.

Mkiamua kununua, kwa maji ya Lamu fundi wangu alipendelea ya plastiki ngumu, ambayo haina cha kuliwa na kutu, au ya shaba nzito, ile ambayo ukiishika dukani unausikia uzito wake mkononi. Ile ya kisasa ya kufungua kwa robo mzunguko haihitaji kukazwa, jambo zuri kwa watoto na kwa mpwa pia, lakini ndani ina visahani vya kauri ambavyo mchanga huvikwaruza. Lisafisheni tangi kwanza. Na mwacheni kijana aifunge yeye, mkiona inafaa, mkimnunulia vifaa vya maana. Kuleta fundi wa nje ni haki ya kufikiriwa, lakini katika mtaa ambapo kila anayebeba spana anaonekana kabla hajafika mlangoni, fundi mgeni atakuwa tangazo.

Shawa ni mambo mengine. Bomba likiwa limetoboka ndani ya ukuta, halitengenezwi kwa mia tatu mia nne, na si lako kuligusa bila mwenye nyumba. Lamu Mji wa Kale umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na kutindua kuta za nyumba hizi, ofisi ya makumbusho ina neno lake. Mara nyingi njia nyepesi ni kulifunga lile bomba la zamani lisipitishe maji tena, na kupitisha bomba jipya la plastiki juu ya ukuta. Halipendezi macho, lakini ukuta unapona. Wakati mnangoja, kama kuna koki ya kuizima shawa, izimeni, ogeni kwa kata na ndoo. Boriti za mkoko zinastahimili mengi, ila kulowa mfululizo bila kupata hewa huziozesha. Sitakutajia ule msemo wa ufa na ukuta, nyumba yenyewe ishaanza kukutajia.

Kuhusu yule wa Muscat. Umeniuliza kama kumpigia ni kumruka mama yake. Ukimpigia kimya kimya, ndiyo, nadhani Bi Mkubwa ataliona hivyo, hasa akiisikia habari ya dari yake kutoka ng'ambo ya bahari. Lakini kama mwenye sauti na mwenye pesa ni yeye, huenda mama mwenyewe amekwama. Hajui atamwambiaje mwanawe kwamba nyumba inataka gharama, akaona afadhali kulizungusha kwa mpwa na washa za shilingi chache. Umewahi kulifikiria hilo? Wazee wengi wanaoishi kwa pesa zinazotoka ng'ambo huona tabu kuomba zaidi, hata kwa watoto wao wa kuwazaa. Unaweza kumwachia mlango: "Mama, ungependa umwambie wewe, au nimtumie mimi zile picha ukiwa umekaa nami hapa?" Hapo humruki, na pengine umemtua mzigo.

Sheria naitaja kwa ufupi ili usije ukadanganywa barabarani. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inataja haki ya makazi ya kufaa na ya maji safi, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inataka nyumba ya kupangisha iwe inakalika na iendelee kukalika. Baraza la kodi la Sheria ya Kudhibiti Kodi linahusu nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500, kwa hivyo ya kwako haimo. Mahakama ya Kadhi, ambako najua mtu atakuelekeza, husikiliza ndoa, talaka na mirathi, haisikilizi mifereji. Mgogoro wa dipoziti kama huo unaweza kufikishwa Mahakama ya Madai Madogo, inayopokea madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Hayo yapo. Wewe ndiye ujuaye kama kuna siku utataka kumwita Bi Mkubwa mahakamani. Nadhani jibu lako nimelisikia. Kati ya kahawa na mahakama kuna mzee wa mtaa, kuna imamu, kuna mama mmoja anayeheshimiwa na nyote wawili. Ila ukishamwingiza mtu wa tatu, habari si yenu peke yenu tena.

Dada yako na Wiyoni. Kuhama si kushindwa, wala si ukosefu wa shukurani. Nyumba mpya ina mifereji mipya, ina mwenye nyumba usiyemwita mama, na unaweza kumdai risiti bila kutetemeka. Huenda hilo ndilo linalokuvutia kuliko mifereji yenyewe. Lakini chumvi nayo haichagui mtaa, na ukiondoka sasa, doa likiwa halijaelezwa, utaondoka nalo jina. Kama kuhama kupo moyoni mwako, fikiria kama ungependa kuhama kabla ya mazungumzo haya au baada yake.

Na mama yako aliyekuambia uvumilie, muulize uvumilie nini hasa. Kelele? Bili? Au kuambiwa wanao wameharibu nyumba ya watu? Sidhani alikusudia yote matatu.

Mimi ningetamani kujua jambo moja ambalo barua yako haikuligusa: kama mifereji ingekuwa mizima kesho asubuhi, bado ungekuwa na kinyongo na lile neno la dipoziti? Kama ndiyo, basi mazungumzo na Bi Mkubwa hayawezi kuachiwa fundi, hata awe hodari vipi. Kama hapana, pengine anza na ndoo na alama ya tangi, halafu uteremke na simu yako wakati wa alasiri, mpwa akiwa hayupo. Kijana naye apewe nafasi yake baadaye, mbele ya mfereji, asitahayarishwe mbele ya Bi Mkubwa.

Ukishazungumza naye niandikie. Na usisahau kunieleza lile duara la chuma lilikuwa laini au lina vishimo, maana fundi wangu ameshaniuliza.

Somo